"Ocean", "Sea" na Bahari: Historia ya Mpaka wa Maneno

Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na neno la Kiingereza "sea" huandika bahari, na akutanapo na neno "ocean" huandika bahari vile vile. Pengine huongeza sifa, akasema bahari kuu au bahari kubwa, lakini nyongeza hiyo haidumu. Wapi Waingereza wasemapo "Indian Ocean", Waswahili husema Bahari ya Hindi. Na wapi wasemapo "Red Sea", Waswahili wa zamani walisema Bahari ya Sham. Hapo mtu aweza kudhani ya kwamba Kiswahili kimepungukiwa, na ya kwamba pengo hilo yafaa lizibwe kwa kukopa neno la pili. Dhana hii yastahili kupimwa kwa njia ya historia. Kabla ya kusema kwamba lugha fulani imekosa kitu, yapasa kujulikana kwanza kitu chenyewe ni nini katika lugha iliyo nacho, kilipatikana kwa njia gani, na kazi yake imekuwa nini.

Katika maneno hayo mawili, "sea" ndilo la asili. Lilikuwamo katika Kiingereza cha Kale kwa umbo la "sæ", na jamaa zake wako katika lugha zote za ukoo wa Kijerumani. Lakini nje ya ukoo huo halina ndugu aliyethibitishwa, na kwa sababu hiyo chanzo chake hakijulikani kwa yakini. La ajabu ni maana yake. Katika Kiingereza cha Kale neno hilo laweza kutaja bahari, na laweza pia kutaja ziwa. Kijerumani cha leo kimeyahifadhi yote mawili kwa kutumia jinsia ya nomino: "See" ikiwa ya kiume ni ziwa, ikiwa ya kike ni bahari. Kiholanzi kimekwenda njia nyingine: "zee" ni bahari na "meer" ni ziwa, hali Wajerumani jirani zao husema "Meer" kwa maana ya bahari. Kiingereza nacho kilikuwa na neno hilo la pili, "mere", ambalo zamani lilitaja bahari na ziwa pia. Siku hizi limebaki katika majina ya maziwa kama Windermere. Maana yake ya bahari imesalia katika neno "mermaid", yule kiumbe wa ngano aliye nusu mwanamke na nusu samaki.

Kwa hiyo, hata kabla ya "ocean" kuingia, mpaka kati ya bahari na ziwa ulikuwa ukihama kutoka lugha hata lugha, ingawa maji yalikuwa yale yale. Injili zatoa mfano ulio karibu na wasomaji wengi. Mathayo, Marko na Yohana huyaita maji ya Galilaya kwa neno la Kiyunani la bahari. Luka huyaita kwa neno la ziwa. Tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotoka mwaka 1952, imewafuata kwa uaminifu, na ndiyo sababu msomaji hukuta Bahari ya Galilaya mahali pamoja na ziwa la Genesareti mahali pengine, hali ni maji mamoja, matamu, yenye urefu wa kilometa zipatazo 21 tu.

Washairi wa Kiingereza cha Kale walikuwa na maneno mengi ya bahari kuliko Waingereza wa leo. Walisema "brim", walisema "holm", walisema "flod". Tena waliunda majina ya kuambatanisha, kama lile liitalo bahari njia ya nyangumi. Miongoni mwa maneno hayo lilikuwamo "garsecg", ambalo asili yake bado yabishaniwa. Katika karne ya 9 kitabu cha historia cha Orosius kilipofasiriwa kutoka Kilatini, neno "Oceanus" lilihitaji mwenzake, na mfasiri akaweka "garsecg". Yaani Waingereza wa wakati ule, walipokutana na neno la kigeni, hawakulikopa. Walilijibu kwa neno la kwao. "Garsecg" limekufa, na lile lililokataliwa ndilo lililorudi baadaye likakaa.

Neno hilo la kigeni lilitoka kwa Wayunani. Katika tenzi za Homer, Okeanos si bahari. Ni mto mkubwa uzungukao dunia yote, na katika ngao ya Achilles umechorwa ukingoni, ukiuzunguka ulimwengu mzima. Bahari yenyewe, ile waliyoivuka na kuvua samaki ndani yake, waliiita "thalassa". Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Herodotus aliandika kwamba yeye hajui mto wowote wenye jina la Okeanos, akawacheka wachoraji wa ramani waliouzungusha pande zote za dunia kana kwamba umepigwa kwa bikari. Hata hivyo jina halikufa. Liliacha kuwa jina la mto, likawa jina la maji yaliyo nje ya milango ya bahari ijulikanayo.

Ushahidi mzuri wa matumizi haya wahusu pwani ya Afrika Mashariki yenyewe. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara Myunani aliyekaa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha safari za Bahari ya Erithra. Kwa jina hilo alikusudia Bahari ya Sham pamoja na sehemu kubwa ya ile iitwayo leo Bahari ya Hindi, na neno alilotumia ni "thalassa". Ameyataja masoko ya Azania mpaka Rhapta, soko la mwisho, akieleza bidhaa zake na watu wake. Kisha asema ya kuwa kupita hapo iko Okeanos isiyopelelezwa, ambayo yapinda kuelekea magharibi. Basi, maji ni mamoja, hayakukatwa na nchi kavu wala mwamba. Kilichobadilika ni ujuzi wa msafiri. Mpaka Rhapta ilikuwa bahari, kwa kuwa vyombo vilifika. Baada ya Rhapta ikawa Okeanos, kwa kuwa havikufika.

Warumi waliichukua maana hiyo hiyo. Bahari iliyo katikati ya nchi zao waliiita bahari yetu, na ile ya nje waliiita "Oceanus", au kwa ukamilifu "mare Oceanum". Kutoka Kilatini neno likaingia Kifaransa, na mwishoni mwa karne ya 13 likaonekana katika Kiingereza. Lakini halikuja kushindana na "sea". Hata katikati ya karne ya 17 Waingereza walizoea kusema "ocean sea", yaani bahari ya Okeanos, neno la kigeni likiwa sifa tu ya neno la asili. Wahispania walisema hivyo hivyo: mwaka 1492 Christopher Columbus alipewa cheo cha amiri wa bahari ya Okeanos. Bahari hiyo ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ile ya nje.

Wingi wa neno hilo ulikuja na safari. Ptolemy, mwanachuoni wa Alexandria wa karne ya 2, aliifundisha Ulaya ya kwamba bahari ya Hindi imefungwa na nchi kavu pande zote. Vasco da Gama alizunguka kusini mwa Afrika, na mwaka 1498 akapata rubani Malindi, akafika Hindi. Fundisho lile likaanguka. Mwanzoni mwa karne ya 16 wachoraji wa Ulaya walianza kuandika jina la Okeanos juu ya maji ambayo mabaharia wa Kiarabu, Kihindi na Kiswahili walikuwa wakiyavuka kwa pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi. Kwa wenyeji hayakuwa maji ya nje hata kidogo. Jina "Indian Ocean" basi labeba ndani yake mtazamo wa mtu aliyeingia kutoka mbali.

Katika karne ya 20 mpaka huu ulitafutiwa kipimo. Idara ya kimataifa ya upimaji wa bahari, iliyoundwa Monaco mwaka 1921, ilitoa kitabu cha mipaka ya bahari mwaka 1928, kikatoka tena mwaka 1937 na mara ya tatu mwaka 1953. Toleo la kwanza na la pili liliitaja bahari ya kusini, izungukayo Antaktiki, kuwa "ocean" mbali. Toleo la tatu likaifuta. Hapana tone la maji lililoongezeka wala kupungua kati ya mwaka 1937 na 1953. Na hata leo hesabu ya bahari hizo hutegemea kitabu kinachosomwa: wengine huhesabu nne, wengine tano.

Pamoja na maneno hayo mawili, Kiingereza kina visawe vingine, na kila kimoja kina upande wake. "Main" ni ufupisho wa maneno yenye maana ya bahari iliyo kuu. Latumika katika mashairi zaidi. "Brine" lataja chumvi ya maji. "Deep" lataja kina, nalo ndilo walilotumia wafasiri wa Biblia ya mwaka 1611 katika mlango wa kwanza wa Mwanzo. Mahali hapo hapo wafasiri wa Kiswahili wametumia neno vilindi, ambalo halipungui kwa lolote. "High seas" ni maneno ya sheria. Sifa "high" hapa haina maana ya urefu wa kwenda juu. Ni ile ile iliyomo katika "highway", njia kuu. Na nyuma yake iko desturi ya Kilatini, ambayo neno "altum" hutaja urefu na kina kwa pamoja, na hutumika kwa bahari iliyo mbali na pwani. Kiswahili kisemapo bahari kuu, kama kisemavyo njia kuu, kimeipata maana hiyo barabara.

Sasa yafaa kulitazama neno bahari lenyewe. Hapana shaka latoka katika Kiarabu "bahr", nalo huko halikuwa na mpaka mwembamba. Wamisri waliuita mto wa Nile "bahr", na matawi ya mto huo katika Sudan Kusini yangali yakiitwa Bahr al-Jabal na Bahr al-Ghazal. Wanajiografia wa Kiarabu waligawanya bahari kwa majina ya nchi zilizo kandoni mwake: al-Mas'udi, aliyefika katika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, ameandika habari za Bahari ya Zanj. Na ile izungukayo dunia waliiita "al-bahr al-muhit", bahari izungukayo. Wazo ni lile la Wayunani. Neno ni la Kiarabu, na lililoongezwa ni sifa tu.

Kiarabu kilikuwa na neno jingine pia, "qamus", lenye maana ya kilindi au bahari kubwa. Wako wataalamu wanaolihusisha na Okeanos ya Kiyunani, na wako wanaolitoa katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuzama. Mwanachuoni al-Firuzabadi, aliyefariki Zabid katika Yemen mwanzoni mwa karne ya 15, alikiita kitabu chake cha maana za maneno "al-Qamus al-Muhit", yaani bahari izungukayo. Kitabu kilipata sifa kubwa hata jina lake likawa jina la vitabu vyote vya namna hiyo, na Kiswahili kikalipokea kwa umbo la kamusi. Neno la bahari kubwa basi limo katika Kiswahili, ila limehama likawa la maneno. Na bahari nalo limepata kazi nyingine katika elimu: wanachuoni wa Kiarabu, tangu al-Khalil bin Ahmad wa karne ya 8, waliita vipimo vya mashairi kwa neno hilo, na washairi wa Kiswahili wangali wakisema bahari za ushairi.

Hata hivyo mkopo huo haukukuta pwani tupu. Waswahili walikuwa na maneno yao ya Kibantu juu ya maji, na hayo yaonyesha jinsi walivyoyagawa. Pwani ni mahali ambapo maji hupwa. Jina la nchi yote limetoka katika mwendo wa maji. Kuna maji kujaa na maji kupwa, kuna bamvua na maji mafu. Kuna kilindi, kuna mkondo, kuna mlango. Mtu aendaye majini hujua tofauti ya kila moja, kwa kuwa chombo chake na maisha yake humo humo. Mgawanyo huu haukufuata ukubwa wa maji; umefuata kina, mwendo, na umbali wa nchi kavu. Kwa mtu wa namna hiyo kuuliza kama maji haya ni "sea" au ni "ocean" hakumsaidii kitu. Ajulishwe kama ni kilindi au ni mwamba.

Upande wa bara Kibantu kilikuwa na ziwa, nyanza na nyasa, na hapa historia yaonyesha jinsi neno liwezavyo kupotosha ramani. Katika miaka ya 1850 wamisionari Johannes Rebmann na Jakob Erhardt walikusanya habari za bara kutoka kwa wafanyabiashara wa misafara. Walioshika njia ya Kilwa walisema njia yao yakoma kwenye maji makubwa. Walioshika njia ya Unyamwezi na Ujiji walisema vivyo hivyo. Na wa njia za kaskazini nao pia. Kila mmoja alisema kweli. Erhardt aliona kwamba maji hayo yote ni mamoja, akachora bahari moja ndefu katikati ya Afrika, iliyopinda mfano wa konokono asiye na koa. Ramani ilichapishwa Ujerumani mwaka 1856, ikajadiliwa London, na kwa sababu yake Richard Burton na John Hanning Speke walitumwa. Mwaka 1858 wakafika Ujiji mwezi wa Februari, na mwezi wa Agosti Speke peke yake akafika nyanza ya kaskazini. Bahari moja ikawa maziwa matatu. Maneno ya wenyeji yalikuwa ya jumla, kama "See" ya Kijerumani ilivyo. Kosa lilikuwa kulifanya neno la jumla kuwa jina la kitu kimoja.

Kosa la namna hiyo lingali liko karibu, na siku hizi gharama yake ni ya sheria. Nchi tano zinazoizunguka Bahari ya Kaspi zilishindana kwa miaka mingi baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, kama maji yale ni bahari au ni ziwa. Kwa maana kila jina lingegawanya mafuta yaliyo chini yake kwa namna nyingine. Mapatano yaliyotiwa saini Aktau tarehe 12 Agosti 2018 yaliliepuka jambo hilo, yakaiita maji yaliyozungukwa na nchi za wahusika, kisha yakaweka kanuni zake yenyewe.

Kwa bahari zote, mkataba mkubwa ni ule wa Umoja wa Mataifa uliotiwa saini Montego Bay tarehe 10 Desemba 1982 na kuanza kutumika mwaka 1994. Tanzania iliuthibitisha mwaka 1985, Kenya mwaka 1989. Jina lake kwa Kiingereza ni sheria ya "sea". Na ingawa "ocean" latajwa ndani yake, haki za nchi hazikuwekwa juu ya tofauti ya maneno hayo mawili. Zimewekwa juu ya umbali. Maili 12 za baharini, zipatazo kilometa 22, ni bahari ya nchi yenyewe. Mpaka maili 200, zipatazo kilometa 370, ni ukanda wa uchumi. Baada ya hapo ndipo penye "high seas", ambazo si mali ya nchi yoyote. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ilipoamua shauri la Somalia na Kenya, shauri lilibeba jina la "Indian Ocean", lakini mstari ulichorwa kwa kanuni za mkataba wa "sea".

Hapa Kiswahili kina tatizo la kweli, nalo si lile lililodhaniwa mwanzoni. Katika Tanzania maneno uvuvi wa bahari kuu hutumiwa kwa uvuvi katika ukanda wa uchumi, ambamo nchi ina haki ya kutoa leseni na kutoza ada. Wakati huo huo wafasiri hutumia bahari kuu kwa "high seas", yaani mahali ambapo haki hiyo haipo. Mbunge au mvuvi asomaye Kiswahili peke yake aweza kuona neno moja katika maandiko mawili akafikiri ni mahali pamoja. Hata kama Kiswahili kingekopa "ocean" leo, utata huu ungebaki kama ulivyo.

Dawa yake i katika akiba ya lugha. Bahari na libaki neno la jumla, kama "sea" lilivyo katika mkataba wenyewe. Bahari kuu lifungwe kwa maji yaliyo nje ya haki ya nchi zote, maana hiyo ndiyo ilingananayo na asili ya "high seas". Maji ya kati yaitwe kwa jina lake kamili, ukanda wa uchumi wa bahari, hata katika habari za uvuvi. Na palipo na haja ya kutaja kina, kama katika uvuvi wa samaki wa chini sana au katika uchimbaji wa gesi, neno kilindi lipo, nalo lilikuwa likitumika na manahodha kabla ya sheria hizi kuandikwa. Watunga kamusi waongeze maelezo hayo chini ya kila neno pamoja na umbali wake kwa tarakimu, ili mfasiri asilazimike kukisia.